Jibu: Corolla ya zamani inayokula mafuta

Habari ndugu. Umeeleza kwamba Corolla yako ya 1998 inakula mafuta kupita kiasi kati ya Tanga na Muheza, ingawa umeshabadilisha plagi na kichujio cha hewa. Kagua kwanza thamostati, yaani vali inayozuia maji ya kupozea yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, kwani mafundi wengi huiondoa wakiamini kwamba joto la pwani haliihitaji. Injini hubaki baridi, na kompyuta huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Mshale wa joto ukishuka unapokimbia barabara kuu, dalili ndiyo hiyo. Kama imeondolewa, rudisha thamostati inayofunguka kwenye nyuzi joto 82 za Selsiasi.

Halafu, ukimaliza safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu: yenye moto kuliko nyingine huenda inashikwa na breki, maana chumvi ya bahari hula pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki. Sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi ili kompyuta irekebishe petroli, ipimwe kwa mashine kabla hujanunua nyingine.