Jibu: Kulala Phantom Ranch, chini ya Grand Canyon

Salaam dada. Umesema mnaenda Arizona mwezi wa saba wewe na mumeo, mmekosa vitanda Phantom Ranch, nyumba ya wageni iliyo chini kabisa kwenye bonde la Grand Canyon, na unauliza kama mnaweza kushuka na gari mkalale kwenye hema.

Gari halifiki. Kule chini watu hufika kwa miguu, kwa nyumbu au kwa boti za mto Colorado. Vitanda hugawiwa kwa bahati nasibu miezi 15 kabla, kwa hiyo cha kwanza kuangalia ni kibali cha Bright Angel Campground, kambi iliyo jirani kabisa. Hicho hutolewa na hifadhi yenyewe, si hoteli.

Ila huo mwezi wa saba, tafadhali usogezeni. Chini joto hupita nyuzi 40, na si joto la Dar la kulowesha shati. Jasho hukauka hujaliona, unabaki na chumvi nyeupe shingoni. Mimi nilishuka mwezi wa kumi kwa njia ya South Kaibab, kilomita kama 11, maji hakuna hata tone. Kurudi nilipita njia ya Bright Angel, ndefu zaidi lakini afadhali, nikaanza alfajiri na tochi kichwani.

Kushuka ndiko kulikoniumiza: kucha za vidole gumba viwili ziligeuka nyeusi kwa kugonga ncha ya kiatu. Kateni kucha, kazeni kamba za viatu. Mazoezi nilifanyia vilima vya Pugu kila Jumamosi, begini chupa sita za maji. Mumeo mwenye goti bovu aanze wiki hii.