Pistoni ya 62 kwenye CG125 ya babu, imetoka wapi?

SWALI: Fundi shikamoo. Babu kaniachia Honda CG125 ya zamani, ile ya platini (moto wa plagi unakatwa kwa platini, sio kwa umeme wa kisasa), nataka niirudishe kama ilivyokuwa mpya. Nimeshusha injini nikapima pistoni kwa venia (kipimo cha taya cha milimita) inasoma 62, jina la kampuni sioni, na madukani kila mtu ananiambia lake. Nitajuaje kipi cha Honda na kipi kimepachikwa? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba kijana. Hiyo 62 imeshasema mengi. Pistoni ya CG125 ya Honda ni milimita 56.5 na stroki (mwendo wa pistoni juu na chini) 49.5, ndo unapata cc 124, yaani ujazo wa injini. Bloku (silinda anamokimbia pistoni) ikichongwa kwa sababu imelika, pistoni unapanda robo robo, 0.25, 0.50, 0.75 mpaka 1.00, yaani unaishia 57.5, kwahiyo hamna uchongaji wa kawaida wa kukufikisha huko. 62 ni ya zile injini za Kichina za 150 zilizonakiliwa kutoka hiyohiyo CG na zimejaa kwenye bodaboda, stroki ni ileile 49.5 ila cc zinakuwa 149. Kuna mtu alimuongezea babu nguvu, au bloku iliisha akafunga iliyopatikana.

Sasa soma namba ya injini kwenye krankkesi (kasha la chini la injini) kabla hujanunua chochote. Ya Honda inaanza na CG125E. Ukikuta 156FMI au 162FMJ basi sio bloku tu, injini nzima ni ya Kichina: 1 ni silinda moja, 56 au 62 ni upana wa silinda kwa milimita, F inapoozwa na upepo, M ya pikipiki, halafu I ni daraja la 125 na J la 150.

Kama ni CG125E nakusihi sana uitunze hiyo krankkesi, na uangalie mdomo unapoingia sleeve (bomba la chuma la silinda), ukiwa umepanuliwa kwenye leth (mashine ya kuchonga chuma) usikimbilie bloku ya 125, kwanza mtu wa leth aone gasketi itakalia wapi.

Pistoni ya kurudishia igeuze usome ndani, za Honda nyingi zina herufi ART kwenye chuma chenyewe, na juu kuna IN, hiyo inaelekea upande wa kabureta. Boksi lina namba pia, 13101 ni standadi, 13102 ni ya 0.25, 13103 ya 0.50, namba tatu za katikati ndo za modeli, ila boksi linachapwa na yeyote, amini chuma na venia yako.

Beringi zenye NTN, NSK au Koyo usizitupe eti hazijaandikwa Honda, Honda wenyewe wananunua kwa hao, kama hazigongi na hazina mchezo ziache. Kebo na gasketi za kunakili mi sina shida nazo. Konrodi (mkono unaoshika pistoni) na krenki (shafti inayouzungusha) hapana, hapo tafuta za Honda hata ukisubiri miezi.

Tutumie hiyo namba ya krankkesi tuendelee.