Kabla hujampa fundi gari lako apige polishi

Gari jeusi likishaoshwa, lipeleke usiku mahali penye taa kali ya juu. Kituo cha mafuta kinatosha. Itazame boneti: kuna utando kama wa buibui umeizunguka ile taa. Ukisogea hatua mbili kushoto, utando nao unasogea. Maana yake pale hakuna mkwaruzo hata mmoja wa duara. Ni mikwaruzo midogo iliyonyooka, imelala kila upande kwenye boneti nzima, na mwanga unaonyesha ile tu iliyoukatiza. Duara ni la macho yako.

Kwa magari ninayoletewa hapa Dar, chanzo karibu siku zote ni uoshaji. Kitambaa kimeanguka chini, kimechovywa kwenye ndoo ileile iliyosafisha rimu, kisha kikapandishwa kwenye paa. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Wale wanaopangusa vumbi kavu asubuhi kwa ufagio wa manyoya nao wamo.

Sasa, jambo ambalo mteja huwa haambiwi: polishi haijazi mkwaruzo, inapunguza rangi inayouzunguka mpaka usawa ulingane. Ile klia ya kiwandani, tabaka angavu la juu, kwa kawaida ina mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani haizidi sehemu ya ishirini ya milimita moja. Ndiyo inayoikinga rangi na jua, na ikishakwisha hairudi mpaka gari lipigwe rangi upya. Kwa hiyo fundi mzuri namjua kwa anavyoogopa kukata. Akikwambia atafuta kila kitu, hadi ule mkwaruzo unaonasa kucha ukipitisha kidole, chukua funguo zako. Unaonasa kucha unaachwa, au unalainishwa kingo tu usivutie macho.

Kuhusu mashine nina msimamo mkali. Grinda ya kukatia chuma iliyofungwa sufi si mashine ya polishi. Inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya kuzunguka hufanya kazi vizuri kwenye 1,000 hadi 1,500. Nimeletewa gari lililopigwa grinda gereji: ukingo wa boneti umeungua hadi rangi ya chini inaonekana, na juani milango yote ina michirizi ya upinde iliyofuata mkono wa fundi. Michirizi ile niliiondoa. Ukingo ulikwenda kwa mpiga rangi.

Kwa anayejifunza, anunue ile inayozunguka huku ikitikisika. Haiunguzi rangi kirahisi, kwa sababu ukiikandamiza sana pedi inaacha kuzunguka, inabaki kutikisika tu na hakuna inachokata. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sahani inayoshika pedi. Ukiuona mstari umesimama, umekandamiza mno.

Maandalizi yanachosha kuliko polishi yenyewe. Osha, kisha vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upapase boneti. Utasikia vipele ambavyo kidole kitupu hakivisikii. Hivyo vinaondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, huku unanyunyiza maji ya sabuni. Ziba plastiki nyeusi na mpira wa madirisha kwa tepu ya karatasi, la sivyo utakuja kukwangua weupe wa polishi kwa mswaki.

Kisha jaribu mahali padogo, sentimita 40 kwa 40, ukianza na pedi laini na polishi laini. Ikitosha, umemaliza kutafuta. Isipotosha, badilisha pedi kwanza, polishi baadaye. Magari hayafanani kabisa. Toyota nyeusi yenye namba ya rangi 202 (soma kibati cha taarifa za gari, palipoandikwa C/TR) ina rangi laini ambayo hata kitambaa kibaya kinaichora, na Subaru nyingi ziko hivyohivyo. Mercedes na Audi mara nyingi ni ngumu, zitakukalisha hapo.

Matone manne ya polishi yanatosha eneo hilo. Pitisha mashine polepole, kama sentimita tatu kwa sekunde, kila mstari ukilalia nusu ya ule uliopita, mizunguko minne hadi sita. Wengi wanakosea hapa: wanapeleka mkono kama wanapiga deki. Safisha pedi kwa brashi kila ukimaliza kipande, maana pedi iliyojaa haikati, inapasha joto tu. Na fanya kivulini. Bati ambalo huwezi kuliwekea kiganja halipigwi polishi, litakausha dawa kabla haijafanya kazi.

Kabla hujafurahi, pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Polishi ina mafuta, na mafuta yanaficha mikwaruzo. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili hiyo hasa: gari linatoka linang'aa kama jipya, linaoshwa mara chache, utando umerudi. Ukimlipa fundi, mwambie apanguse mbele yako, kisha amulike kwa tochi.

Kama gari limeagizwa Japani likiwa limetumika, omba lipimwe unene wa rangi kwanza. Bati la kiwandani mara nyingi husoma mikroni 100 hadi 150. Ukiona 300 mlango mmoja, ulishapigwa rangi, pengine na puti. Ukiona 80, huenda mwenzako alishapita hapo na mashine. Mimi hapo napaka nta na kurudisha gari kwa mwenyewe. Bampa za plastiki kipimo cha kawaida hakizisomi, kwa hiyo hizo nenda nazo kwa pedi laini tu.

Gari dogo likifanywa vizuri linakula siku nzima. Baada ya hapo weka taulo zako mbili za maikrofaiba kwenye buti, na ukifika kwa waosha magari waambie wamwage maji na povu kwanza, vumbi lishuke, ndipo waguse. Watanuna kidogo. Waongeze buku mbili.