Baba asema afadhali mshona viatu kuliko Mwislamu

*Shangazi, nina miaka 28, mzaliwa wa Kisumu, kazi yangu iko Nairobi. Sisi ni Kalasinga, Ramgarhia, watu wa useremala tangu enzi za reli. Miaka mitatu iliyopita nilichumbiwa na kijana wa kwetu aishiye Uingereza. Mama yake alipojua tumetoka ukoo gani, posa ikafa. Wao ni Jat, watu wa mashamba, na hawaoani na maseremala. Siku hiyo nilimwona baba akilia kwa mara ya kwanza.*

*Sasa nimempata mtu wangu. Ni Mwislamu, Mpanjabi kama sisi, na mababu zake walikuwa wahunzi wa reli hiyo hiyo. Baba amesema afadhali nimletee mtoto wa mshona viatu kuliko Mwislamu. Nyanya, ambaye alizaliwa upande wa Rawalpindi, hasemi nami tangu Ramadhani. Mpenzi wangu asema si jambo kubwa, ni kutamka maneno mawili mbele ya sheikh, kisha maisha yaendelee. Mama yake amekwisha kunichagulia jina jipya, tunacheka tu. Shangazi, kama haya mambo ya nasaba ni unafiki mtupu, mbona nisikilize na hili la dini?*

*Binti wa Seremala, Nairobi*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia baba yako. Mara ya pili nikakwama kwenye hilo jina mnalolicheka. Nitalifikia.

Tuanze na useremala. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, na alichosema yule mama wa Uingereza nakijua kwa jina lake la kwetu: kufu. "Si kufu yetu." Shangazi yangu mimi alirudishiwa wachumba wanne kwa neno hilo, babu akihesabu nasaba za watu kama mwenye duka anayehesabu madeni. Aliolewa mvi zimeshaingia, na babu hakuwa hai kuiona harusi. Kwa hiyo usidhani nawacheka watu wako nikiwa nimekaa kwenye jamvi safi.

Jina lenu halina unyonge. Limetoka kwa Jassa Singh, amiri wa karne ya 18 aliyezaliwa katika ukoo wa maseremala, akaishika ngome ya Ramgarh pale Amritsar mpaka ngome ikampa jina. Lakini kijijini Punjab mwenye shamba ndiye aliyekuwa mkubwa. Seremala alimtengenezea jembe la kukokotwa na ng'ombe, akangoja mavuno apimiwe ujira wake wa nafaka. Huo ndio mzani wenyewe, wala hauna siri nyingine.

Halafu ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliajiri karibu watu 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapanjabi, Waislamu na Kalasinga pamoja, na karibu 2,500 wakafia kazini. Reli haikuwa na haja ya mwenye shamba. Ilitaka mtu wa kuchonga mbao, kufua chuma na kujenga kwa mawe. Ndiyo maana Kalasinga wa Kenya wengi wakawa Ramgarhia na Jat wakawa wachache, na hapa kwetu Kiswahili kikawapokea kwa neno fundi, ambalo mtu akiitwa hageuki kwa hasira. Babu zako walivuka bahari wakauacha mzani ule Punjab, mjukuu akaenda kupimwa nao Uingereza. Nimeelewa kwa nini baba yako alilia.

Ila mtu aliyelizwa na mzani huo asingeutaja mshona viatu vile alivyomtaja. Siku mkiwa mmetulia, muulize kwa adabu: Guru Granth Sahib, kitabu chenu kitakatifu anachokiinamia, kina beti za nani? Atakujibu mwenyewe, maana anajua kuliko mimi. Mna Ravidas, fundi wa ngozi na viatu. Mna Kabir mfumaji, aliyelelewa katika nyumba ya Waislamu. Mna Sheikh Farid wa Pakpattan, Mwislamu na mwana wa Waislamu. Baba akikiinamia kile kitabu anawainamia mshona viatu na Mwislamu kwa pamoja.

Mimi mwenyewe nimekula langar, chakula cha bure cha kila mgeni, pale Makindu, katika gurdwara, hekalu lenu, la kando ya barabara ya Mombasa. Gari letu lilikuwa limeharibika, nikaketi chini na buibui langu, kushoto dereva wa lori, kulia mama wa Kikamba na mtoto mgongoni. Dengu na chapati, hakuna nyama, kwa hiyo hata suala la kuchinja halikuzuka. Hakuna aliyeniuliza mimi binti wa nani. Nilishiba, nikaombewa safari njema.

Mpaka hapo mimi na wewe tuko pamoja. Hapa mbele tunaachana kidogo.

Mwongozo wa maisha ya Kalasinga, Rehat Maryada, uliopitishwa mwaka 1945, unasema mambo mawili kuhusu ndoa, tena karibu karibu. Unasema watu waoane bila kuangalia tabaka wala nasaba. Na unasema binti wa Kalasinga aolewe na Kalasinga. Yule mama wa Uingereza alilivunja la kwanza. Baba yako analishika la pili. Wewe umelichukua la kwanza, ukampiga nalo baba ili uliruke la pili. Ni hoja ya ujanja, na ningekuwa na umri wako huenda ningeitumia, lakini haisimami. Kumkataa mtu kwa sababu babu yake alichonga mbao ni kiburi. Kuogopa kwamba mwanao atatoka katika dini yako ni kitu kingine, hata kama kimetoka katika kinywa kile kile kilichomtukana mshona viatu.

Na kutoka ndiko unakoombwa, mwanangu. Mimi ni Mwislamu, acha niseme bila kuzunguka. Dini yetu humruhusu mwanamume kumwoa Myahudi au Mkristo, watu wa Kitabu. Wanazuoni walio wengi hawaihesabu dini yenu humo. Kwa hiyo nikaha itataka usilimu kwanza, na kusilimu si maneno mawili. Anayekuambia hivyo ameidharau dini yangu kabla hajaidharau yako. Shahada ni swala tano, ni saumu, ni namna utakavyowalea watoto. Ni kuzikwa badala ya kuchomwa, siku ambayo ndugu zako watasimama mbali wakitazama kaburi. Kama moyo wako umeipenda dini hii, karibu, nami nitafurahi. Lakini barua yako nimeipekua mstari kwa mstari, sikuona ulipoandika kwamba unaamini.

Ndiyo maana nililikwamia lile jina. Singh kwa wanaume na Kaur kwa wanawake yalikusudiwa kufuta majina ya nasaba, mtu asijulikane kwa ukoo bali awe mtu. Wewe ni Kaur. Mkweo mtarajiwa, pengine kwa mapenzi tu, ameshalifungasha jina lako akaliweka kando, na uliyempenda anacheka naye. Nawe unacheka. Nimefungua barua nyingi katika kazi hii, na vicheko vya namna hiyo nimevikuta tena miaka kumi baadaye, katika barua ambazo hazicheki.

Sasa nyanya. Umemtaja kwa sentensi moja ukapita. Mimi siwezi. Rawalpindi, mwezi wa Machi 1947, kabla hata mpaka wa India na Pakistan haujachorwa, vijiji vya Kalasinga vilivamiwa na makundi ya Waislamu. Katika kijiji cha Thoa Khalsa wanawake walijitosa kisimani na watoto wao kuliko kutekwa. Nyanya yako alikuwa mtoto upande huo huo. Kisha kufikia Agosti na Septemba zamu ikageuka: Waislamu wa Punjab ya mashariki wakachinjwa vijijini mwao na ndani ya garimoshi, na makundi ya Kalasinga yalikuwa miongoni mwa wachinjaji. Zaidi ya watu milioni 10 walihama. Kwa hiyo kimya cha nyanya usikiite ubaguzi kwa haraka. Nenda Kisumu, mkandekande miguu, umwombe akusimulie, na kijana wako usimtaje kabisa siku hiyo. Usiende kumshawishi.

Na kijana naye umuulize jamaa zake walikuwa wapi mwaka ule. Wahunzi Waislamu wa Jalandhar na Ludhiana, huko Punjab ya mashariki, walikuwa wengi tu. Huenda na kwao yuko bibi anayekaa kimya.

Baba akilainika kidogo, mwombe akusimulie habari za Malerkotla, mji wa Punjab. Hataki kufundishwa na wewe, lakini kusimulia atapenda. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, watoto wadogo wa Guru Gobind Singh walipohukumiwa kifo kule Sirhind, Mwislamu mmoja, Nawabu, yaani mtawala, wa Malerkotla, alipinga waziwazi. Kalasinga hawakusahau: mwaka 1947 Punjab ya mashariki ilipokuwa inawaka, mji ule wa Waislamu haukuguswa. Habari hii haitakupatia ruhusa ya kuolewa. Itampa baba nafasi ya kulitaja neno Mwislamu bila kugombana na mtu.

Upande wa sheria nitasema kwa ufupi. Hapa Kenya kuna ndoa ya bomani, mbele ya msajili, ambayo haimwulizi mtu dini yake. Mnatoa notisi, mnangoja siku 21, mnaoana, wewe Kaur na yeye Mwislamu. Gurdwara halitawafungisha Anand Karaj, ndoa ya Kalasinga, na wengi wa masheikh watasema ndoa hiyo si ndoa. Jueni pia kwamba mirathi ya Mwislamu hufuata sheria za Kiislamu, na huko mke asiye Mwislamu harithi. Wasia nao una kikomo, theluthi moja. Kamwoneni wakili mapema, msingoje msiba. Jingine, na sisemi kwamba baba yako ni mtu wa hivyo: pasipoti yako iweke mwenyewe. Ukiambiwa ghafla kuna harusi ya binamu India na ni lazima uende, usipande ndege kabla ya kujua harusi hiyo ni ya nani.

Kutoroka sikushauri. Una miaka 28, una mshahara wako, huna sababu ya kutoka kwenu usiku kama mwizi. Ukiamua kuolewa, mwambie baba mchana, ameketi, mama yuko.

Lakini kabla ya baba, mkalishe kijana. Mwambie hivi: "Mimi sisilimu, na jina langu silibadilishi. Twende bomani." Hata kama moyoni hujakata shauri, mwambie, kisha unyamaze umtazame usoni. Asikuambie atamwuliza mama. Akikubali, mtakuwa na kazi kubwa ila ni yenu wawili. Akirudia yale maneno mawili mbele ya sheikh, utakuwa umejibiwa swali ambalo hukuniuliza.

Niandikie alivyosema.

Shangazi yako