Dozi ileile, usingizi tofauti

Swali: Mhariri, nafanya utafiti wa mitishamba kwa panya wa maabara hapa Njoro. Nikiwadunga pentobarbitali, dawa ya usingizi, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, wa asubuhi na wa jioni hawalali muda sawa. Je, dawa imeharibika?
Mwanafunzi, Nakuru

Jibu: Dawa huenda ni nzima, saa ndiyo inayokuchezea. Panya ni mnyama wa usiku: hula gizani, joto la mwili hupanda gizani, na vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa hiyo hupanda na kushuka ndani ya saa 24. Ukidunga kundi la kulinganishia (lisilopewa mitishamba) asubuhi na la mitishamba alasiri, umepima saa, si mitishamba.

Taa ziwake saa 12 asubuhi, zizimwe saa 12 jioni, kwa swichi ya saa. Waache wazoee wiki mbili. Dunga wote kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kwa kupokezana: mmoja wa kundi hili, mmoja wa lile. Daftarini andika ni saa ngapi tangu taa ziwake. "Asubuhi" pekee haisaidii mtu. Ziba pia ule upenyo wa chini ya mlango: tochi ya mlinzi usiku yatosha kusogeza saa ya mwili ya panya.