Kuhasi jogoo: maswali yenu ya wiki hii

Juzi niligusia tu kwamba jogoo naye anahasiwa kama dume la ng'ombe, meseji zikamiminika. Nimechukua yanayojirudia.

Mkuu, anahasiwaje wakati korodani hazionekani?

Hazionekani sababu ziko ndani, juu kabisa chini ya mgongo, karibu na figo. Kwa hiyo ni upasuaji, hapo hakuna cha kubana na koleo. Fundi anachukua pora mdogo bado, wiki tatu hadi sita hivi, anamnyima msosi karibu siku nzima ili utumbo usimzibie njia, anamlaza ubavu, anapasua kati ya mbavu mbili za mwisho anatoa kende moja, kitu kidogo kama punje ya mchele, halafu ya pili. Sasa hapo katikati kuna mishipa mikubwa ya damu, ukiigusa tu kuku anakufia mkononi. Na ukibakiza kipande kinakua tena, unabaki na jogoo nusunusu, anasumbua mitetea na nyama hainenepi ulivyotaka. Kienyeji wanafanya bila ganzi, ndo maana Uingereza wamepiga marufuku. Wewe unayetaka kujaribu na wembe na video ya YouTube, nakuomba acha.

Faida yake nini hasa?

Homoni ya kiume ikiondoka hagombani, hakimbizi mitetea, mafuta yanaingia katikati ya nyama, so hata akiwa mkubwa nyama inabaki laini. Upanga na ndevu zinabaki ndogo zimepauka, na kuwika anaacha. Mwaka 1849 Mjerumani mmoja, Berthold, alihasi majogoo pale Göttingen halafu wengine akawarudishia kende tumboni, sehemu ambayo siyo yake, na wakawika na kupigana kama kawaida, ndo ikajulikana kuna kitu kinasafiri kwenye damu.

Wapi wanafanya kama biashara ya kueleweka?

Ufaransa, Bresse. Kuku wao weupe wenye miguu ya bluu wanalindwa kisheria tangu 1957, na jogoo aliyehasiwa lazima afikishe angalau miezi minane. Muda mwingi anazurura kwenye majani anaokota wadudu, juu yake anapewa mahindi na maziwa, mwisho anafungiwa kwenye kizimba cha mbao sehemu tulivu yenye mwanga hafifu wiki nne au zaidi anenepe. Akishachinjwa na kunyonyolewa wanamfunga kwenye kitambaa wanakishona kwa sindano mpaka kinambana, mafuta yasambae vizuri. Anauzwa msimu wa Krismasi, na kila Disemba kuna mashindano yaliyoanza 1862, wafugaji wanapanga kuku wao mezani majaji wanapita. Bei yake usiulize.

Bongo italipa?

Mimi naona hapana, labda uwe na hoteli imeshakubali bei kabla hujaanza. Piga hesabu ya pumba na mahindi miezi minane. Halafu mteja wa sokoni anataka jogoo mwenye upanga mwekundu anayewika, huyu wa kwako atakwambia anaumwa, na supu ya kienyeji watu wanaipenda ngumu ngumu hivyo hivyo. Uza mapora mapema, baki na jogoo mmoja wa mbegu.

Kuna dawa badala ya kupasua?

Ilikuwepo. Marekani walikuwa wanapandikiza kidonge cha homoni ya kike shingoni, kwa kuku ikazuiwa 1959 sababu mabaki yalikuwa yanabaki kwenye nyama. Mtu akikuletea kitu cha hivyo mfukuze.

Ni halali kula?

Nyama akichinjwa kisheria haina shida, mabishano ya maulamaa yako kwenye kitendo cha kuhasi. Hilo muulize shehe wako, mimi ni mtu wa banda.

Eti analea vifaranga?

Kweli, wapo wanaokubali kabisa. Ulaya zamani waliwazoesha kulea vifaranga, mtetea anarudi kutaga huku jogoo huyo anawafunika usiku chini ya mbawa.