Nyayo za Laetoli: kwanza mniambie nani atang'oa migunga

Mhariri, swali lenu la wiki lilisema: "Nyayo za Laetoli zifunuliwe ili wananchi wajionee ushahidi wa mageuzi ya binadamu?" Jibu la kwanza ni ndiyo, hata kesho. Ushahidi wa miaka milioni 3.66 uko Ngorongoro kwetu, nasi tunaonyeshwa nakala! Tena si ushahidi wa kawaida. Mfupa hukwambia kiumbe alivyoumbwa. Wayo hukwambia alivyokwenda. Pale, kwenye jivu la volkano lililoganda, kisigino kimezama, na kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na wenzake, hakikutanuka pembeni kama cha sokwe. Waliopita hapo walitembea wima zaidi ya miaka laki tatu kabla ya zana za mawe kongwe kuliko zote zinazojulikana, na ubongo wa jamii yao haukuuzidi sana wa sokwe. Anayesema akili ndiyo iliyotusimamisha aanzie hapo.

Ila wengi wanaopiga kelele za "funueni" hawajui yaliyotokea zilipofukiwa mara ya kwanza.

Timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilifunua njia hiyo ya nyayo, ya mita kama 27, mwaka 1978 na 1979. Ikapima, ikapiga picha, ikatoa kalibu, kisha ikaifukia kwa mchanga wa mtoni na kupanga mawe ya volkano juu ili maji na wanyama wasiifukue. Ungeona kazi imekamilika. Kosa lilikuwa moja: mchanga ulikuwa na mbegu za mgunga. Mchanga uliolegea hupitisha maji na hewa, na mawe juu yake huzuia unyevu usikauke upesi. Kitalu hakihitaji zaidi ya hapo. Migunga ikapita urefu wa mtu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikabidi watu waulize mizizi imefika wapi.

Msidhani jivu lile ni jiwe kama la Mwanza. Ni matabaka membamba ya jivu yaliyoloa mvua na kugandamana, unene wote kama sentimita 15. Palipobaki pagumu, mzizi hutambaa juu bila kuingia. Palipolika, hupenya kwenye ufa, hunenepa, na hubandua tabaka pamoja na wayo wake.

Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani walianza kwa kuiua miti: kukata usawa wa ardhi na kutia kisiki dawa kisichipue. Hapo ndipo wakafunua, kwa misimu miwili, 1995 na 1996. Mzizi hauvutwi, maana ukivuta unatoka na ukingo wa wayo. Ulikatwa vipande kwa misumeno midogo ya kuzunguka, na tundu likazibwa ili kingo zisiporomoke.

Kufukia tena kulikuwa somo. Mchanga ulichekechwa kuondoa mbegu. Juu yake kikaja kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachopumua, si turubai, kwa kuwa turubai hufungia unyevu chini. Kisha kitambaa chenye vifundo vya trifluralini, dawa inayozuia ncha za mizizi kukua. Kwa kuwa haiyeyuki kirahisi majini, hukaa palepale na majani ya juu huendelea kumea. Mchanga tena, udongo, mawe, na kuta ndogo za kuelekeza maji ya mvua pembeni. Dawa hiyo huisha baada ya miaka kama 20. Hesabuni wenyewe. Hata kabla haijaisha, lazima mtu apite kila mwaka ang'oe miche ingali midogo.

Mtasema: jengeni paa. Paa huzuia mvua, lakini unyevu wa ardhini hupanda, hukauka juu na kuacha chumvi, na chumvi ikigeuka chembe hubambua uso wa jivu.

Hata hivyo wazo la makumbusho silibezi. Timu ya mwanaakiolojia wetu Fidelis Masao ilipochimba mashimo ya majaribio mahali palipopendekezwa kujengwa, ilikuta nyayo nyingine, mita kama 150 kusini, na mmoja wa wenye nyayo hizo alikadiriwa kufikia sentimita 165, mrefu kuliko wale wa kwanza. Matokeo yakatangazwa 2016. Bila mpango wa jengo zingebaki ardhini.

Basi ile ndiyo yangu imepungua. Njia ya 1978 ibaki imefukiwa. Hizi mpya, pengine kipande kifupi, pengine kwa miezi ya kiangazi tu, iwapo bajeti itakuwa na fungu la mng'oa miche na la mpima unyevu kwa miaka 20, si la uzinduzi peke yake. Pasipo fungu hilo, nakala iliyoko makumbusho ya Olduvai inatosha. Ikivunjika, hufinyangwa nyingine kwa kalibu ileile.